Moris Nyeusi na Blanketi la Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Moris, gari langu la ujana, imewaka! Miaka yote imelala zizini na kuku. Leo imekohoa, ikapiga chafya, ikaimba. Nyeusi, mviringo, nzuri kama mjane tajiri. Mjukuu wangu Lineo anaolewa Jumamosi, ameapa hataenda kanisani kwa gari jingine. Ndiyo iliyombeba bibi yake, yaani mke wangu, siku yetu.
Shida: panya wamekula felti yote ya sakafuni, ile sufu nene iliyoshindiliwa inayomeza kelele. Ukiendesha, umo ndani ya debe la misumari. Wauza vipuri wa mjini Maseru wamesema itaagizwa ng'ambo, itafika Mei. Mei! Nchi imejaa kondoo!
Jirani yangu mzee, Ntate Sekhonyana, kaja na Volkswagen yake nyekundu. Nikatafuta kasoro kwenye viti. Hakuna. Nilitamani kulala humo. Akajitolea kumbeba bibi harusi. Nikamwambia afadhali apande punda. Akacheka, akaiweka sawa kofia yake ya felti ya kijivu. Kofia nzuri. Inauma.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Chini ya tandiko la farasi kuna felti. Nikamnyemelea farasi wa chifu, bingwa wa mbio. Teke moja tu. La kistaarabu, lenye shabaha. Sijapata kuona mguu kama ule. Naandika nimesimama.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu, 'M'e Mathabang, kaenda kwa dada yake. Blanketi lake la arusi limo kabatini. Sufu tupu, zito, la mistari, nondo hawajaligusa. Si wizi. Ni mkopo wa ndani ya ndoa. Mkasi. Gundi. Nikalilaza kwa upana, nisihitaji kuunga vipande. Zulia juu. Nikaendesha hadi mtoni. Kimya! Nilisikia saa yangu ya mkononi. Mimi ni fundi!

Alhamisi, 6 Machi
Sekhonyana kaja kukagua. Akafunua zulia. Hakucheka. Akavua kofia kama yuko msibani. Mistari, Ntate Lebeko, akaniambia, mistari umeilaza!
Hata mtoto wa Kisotho anajua: mstari wa blanketi husimama mwilini ili mtu akue. Ukiulaza, anadumaa. Na mimi nina mvi hadi masikioni! Lineo akasema haanzi nyumba juu ya mistari iliyolala, wala hakanyagi blanketi la bibi yake. Atakwenda na Volkswagen.
Mke wangu karudi, kaliona blanketi. Chakula cha jioni: ugali mkavu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimelibandua. Mke wangu ameunga vipande, mshono umesimama sambamba na mistari. Akajifunika, akauliza kama kunaonekana kitu. Hakuna. Mwanamke huyu angeweza kushona maji.
Mara Sekhonyana huyo, na magunia ya sufu ya kondoo wake. Eti hii haina mistari, hata wewe huwezi kuilaza. Nikamuuliza kwa nini ananisaidia. Akasema gari kama lile halistahili kuangushwa na mtu kama mimi. Maji ya moto, sabuni, tukaikunja ndani ya turubai, tukaikanyaga, wanawake wakiimba. Mzee yule, suruali magotini, anakanyaga kama kijana! Jioni felti ikatoka, nene, imeshikana. Lineo akaibonyeza. Akakubali kupanda Moris.

Jumamosi, 8 Machi
Felti haijakauka! Injini ilipopata moto, mvuke. Vioo ukungu. Tukanuka zizi zima la kondoo. Mbwa wa wachungaji wakatokea, wakatuzunguka, wakatuswaga hadi mlangoni mwa kanisa. Lineo alicheka mpaka wanja ukachuruzika, akasema hakuna bibi harusi aliyewahi kusindikizwa hivi. Akashuka kama malkia, pindo linadondosha maji. Bibi yake pembeni, mistari wima. Na Moris? Haikutoa hata mlio.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwapia mke wangu, mbele ya kasisi: sitagusa tena kitu cha mtu.
Mlango wa kushoto unagonga kidogo. Unataka kipande tu cha felti, kiasi cha sahani.
Sekhonyana amesahau kofia yake kwetu. Nimeikagua vizuri. Haina mstari hata mmoja.