Makofi ya Bomba la Mtaani

Naomba kuutangazia umma, na hasa wale waliodhani nimekwisha, kwamba nilirejea kazini. Nilistaafu nikiwa Mkurugenzi wa Makofi katika Wizara ya Mapokezi na Shangwe, na tangu siku ile viongozi wetu wamekuwa wakipigiwa makofi ovyo ovyo. Nilivumilia. Hatimaye nikaitwa.

Wasiojua watauliza kazi yenyewe ni ipi. Ndiyo maana hawakuajiriwa. Yapo makofi ya adabu, yanayopigwa kwa ncha za vidole. Yapo makofi ya matumaini, ambayo ahadi huyastahili hata kama ni ile ile ya mwaka jana. Na yapo makofi ya kusimama, ambayo hayatolewi kiholela, maana viti vya plastiki vikianguka hotuba haisikiki. Aidha, mimi ndiye niliyebuni kanuni kuu ya wizara: makofi ni ridhaa. Wananchi wakishapiga, jambo limepita, hakuna sababu ya kuwasumbua kwa kuwauliza tena.

Kustaafu ni maradhi. Unaamka, unafunga tai, ndipo unakumbuka. Basi unakaa sebuleni na taarifa ya habari mpaka mto wa kiti unashika umbo lako.

"Duniani kuna nini?" mama watoto aliniuliza siku moja.

"Hali ni mbaya. Leo bungeni wamegonga meza kabla msemaji hajamaliza sentensi."

"Na bei ya vitu?"

"Hiyo hawakuigusa."

Nilijaribu kuhamishia utaalamu wangu nyumbani. Baada ya chakula nikawa nampigia mpishi makofi ya adabu. Mama watoto akanionyesha vyombo vilipo. Binti yetu naye alipiga simu akashauri nifuge kuku. Nilimjibu kwamba kuku hawana nidhamu ya pamoja.

Ndipo katibu wa waziri akanipigia.

"Shikamoo, mzee wangu. Mheshimiwa anakuja mtaani kwenu kuzindua bomba la maji. Tunahitaji mkono wako."

"Marahaba. Bomba lina maji?"

"Mzee, mimi nimepiga simu kuhusu makofi."

Nilimpenda papo hapo. Kijana anayejua mipaka ya idara yake atafika mbali. Akaniahidi kwamba shangwe ikifana, nitateuliwa mshauri wa kudumu.

Mama watoto alikuwa ndiyo kwanza anaingia na dumu la maji kutoka bondeni. Mlima ule umemla goti la kulia, anatembea akishika ukuta. Nikampa habari njema.

"Hilo bomba lina maji?" akauliza.

"Hilo liko chini ya wizara nyingine."

"Mume wangu, goti langu halina wizara. Ukiwapigisha watu makofi mbele ya bomba kavu, ndiyo basi. Limeshazinduliwa. Nani atarudi kulitazama?"

"Hakuna. Ndiyo kanuni."

Alikaa kwenye kigoda akawa analisugua goti lake, na kusema kweli iliniuma. Lakini nchi haiwezi kuendeshwa kwa kutazama goti la mtu mmoja.

Niliwakusanya majirani kwa mafunzo. Ishara ni rahisi: leso nyeupe ikigusa paji la uso, pigeni. Ikifuta shingo, simameni. Mama muuza mkaa akanyoosha mkono.

"Na tukifurahi wenyewe, bila leso?"

"Furaha isiyo na ishara ni fujo," nikamweleza.

Siku ikafika, na jua lake. Mheshimiwa alikuja na suti nzito ya kijivu, akafungua koki. Bomba likakohoa. Mdomoni mwake akatoka mdudu buibui, akatazama umati, akarudi ndani. Nikagusa paji langu kwa leso, na makofi ya adabu yakapigwa barabara. Mstari wa mbele, mama watoto alikuwa ameweka mikono mapajani.

Kisha hotuba. Hapa ndipo ilipotokea hitilafu ya kiitifaki. Mheshimiwa alikuwa anatoka jasho, na yeye pia alikuwa na leso nyeupe.

"Wapo wanaosema bomba hili ni kiini macho," alisema, akafuta paji la uso.

Makofi. Ya matumaini kabisa.

Alishtuka. "Nasema *wanasema*! Wanasema sisi viongozi tumeshindwa kazi!" Akafuta tena.

Makofi yakatikisa turubai. Jasho likazidi, likateremka hadi kwenye ukosi.

"Kwa hiyo mnataka niondoke?" akafoka, akajifuta shingo.

Mtaa mzima ukasimama. Viti vikaanguka kama nilivyokuwa nimeonya siku zote.

Katibu alinijia akiwa ameinama. "Mzee, wazime! Toa ishara ya kuacha!"

"Haipo," nikasema. "Katika utumishi wangu wote, hakuna kiongozi aliyewahi kuiomba."

Jioni redio ikatangaza kwamba mkuu wa nchi, kwa kuzingatia kwamba makofi ni ridhaa, amekubali pendekezo la waziri la kuondoka, lililopitishwa na wananchi wakiwa wamesimama. Nilijisikia vibaya. Nikamfafanulia mama watoto kwamba chanzo ni kugongana kwa leso.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Leso gani, baba? Nani alikuwa na habari na leso?"

Ushauri wa kudumu nao ndiyo huo ukaota mbawa.

Waziri mpya hakuchelewa kuja. Hakuleta turubai wala hotuba. Alileta fundi na gari la mabomba, na jambo la kwanza alilofanya ni kutusihi, kwa sauti ya mtu anayeongea na mbwa asiyemjua, kwamba tafadhali tusipige makofi kwa lolote lile. Fundi alichimba, akaunga, akafungua koki. Yakatoka maji membamba kama uzi.

"Naona tumefanikiwa," waziri akasema, macho yakiwa kwenye mikono yetu.

Mama watoto akainuka taratibu, akaunyoosha mguu wake, akayatazama yale maji. Halafu akainua mikono yote miwili mbele ya kifua chake, akaitenganisha kidogo.

Waziri akarudi nyuma hatua moja.

"Fundi," akasema, "ongeza presha."