Nilivyomsindikiza Mshauri wa Fomu ya Ulemavu

Leo nimevuliwa heshima barabarani, mchana kweupe, nikiwa nimevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote.

Nawaeleza mwenyewe, akina mama wa kikundi hiki, ili habari muipate kamili. Mimi nasema, mjukuu wangu Furaha anaandika. (Furaha, andika nilivyosema. Usinitengenezee maneno. Na ufute hicho kikatuni kinachocheka.)

Mnajua kwamba nyonga zangu zote mbili zimeliwa na baridi yabisi. Jambo msilolijua ni kwamba binti yangu Esperance, baada ya kukesha akiwahudumia wazee wa watu katika nyumba ya kulelea wazee, hupanda basi asubuhi na kurudi nyumbani kumwosha mzee wake, yaani mimi. Mwezi uliopita alisinzia bafuni akiwa amesimama, sabuni mkononi, nami nikiwa nimelowa nasubiri aamke. Daktari akasema upo msaada wa serikali kwa mtu wa hali yangu. Ukipatikana, tutaweza kumweka mtu wa kunihudumia asubuhi, na binti yangu atalala kama binadamu wengine.

Ikaja bahasha ya kaki. Ndani yake fomu, nene kama kitabu cha nyimbo. Inatakiwa kuwa imerudi Ijumaa hii.

Basi washauri wakajitokeza. Sikujua kwamba kanisa letu limebarikiwa wanasheria wengi kiasi hicho! Shemasi mmoja alishauri tuandike kwamba sioni. Nikamwuliza, "Na Jumapili nikikuona unasinzia wakati wa mahubiri, niseme nimekuona kwa macho ya nani?" Mama mwingine alishauri tuziache kurasa zote wazi, Mungu atazijaza. (Mungu ana kazi nyingi, na fomu inataka wino mweusi.)

Hatimaye Furaha akapata kituo cha ushauri hapa Birmingham ambako watu husaidiwa bure kujaza fomu kama hizi. Kwa kuwa ngazi zao na nyonga zangu haziongei, wakasema watamtuma mtu nyumbani: dada mmoja wa Kenya, anaitwa Moraa, anajua Kiswahili. Alinipigia simu jana.

"Shosho," akaniambia, kwa maana Wakenya wana jina lao la bibi, "usijitayarishe. Nyumba iache vile iko. Mimi nataka kuona siku yako mbaya."

Mgeni aone siku yangu mbaya! Siku mbaya huwekwa chumbani na mlango ukafungwa.

Kwa hiyo leo asubuhi nikatoa amri. Mkongojo ukaenda nyuma ya kochi. Kiti cha kuogea kikaingia uvunguni. Kiti cha haja, ambacho sitakieleza zaidi, kikasimama nyuma ya pazia. Dawa zote nikazitia ndani ya chungu cha unga.

"Koko, plizi," akalalamika Furaha (kwetu Kongo bibi ni koko), "hivyo ndivyo vitu anavyokuja kuviona."

"Anakuja kuniona mimi. Leta mkufu wangu."

Saa nane mchana Moraa akafika. Binti mwenye adabu, kiatu amekivua mlangoni bila kuambiwa.

"Shosho, habari yako?"

"Nzuri kabisa. Namshukuru Mungu."

Akaandika. Furaha akafumba macho. (Mlitaka nijibuje? Mtu hajakaa bado, nimpokee kwa nyonga?)

"Haya, Shosho. Unajipikia?"

"Hayo mandazi unayokula yametoka wapi?"

(Yalitoka kwa Esperance, aliyeyakaanga kabla ya kwenda kulala. Lakini mimi sikusema uongo. Mimi niliuliza swali.)

"Na kuoga?"

"Kwani nanuka?"

"La, Shosho! Hapana!"

"Basi andika."

"Na soksi, ni nani hukuvalisha?"

"Mimi sivai soksi."

Sote watatu tukaitazama miguu yangu. Soksi zilikuwa nyekundu, zimevutwa mpaka magotini.

"Sawa," akasema Moraa taratibu. "Na choo? Kuna mtu hukusaidia?"

"Mama, swali hilo hata marehemu mume wangu hakuthubutu kuniuliza, nasi tuliishi pamoja miaka arobaini."

"Tuliache kidogo. Kutembea, je? Unaweza kufika wapi?"

"Nilitoka milimani kule Fizi hadi ziwani kwa miguu, mtoto mgongoni, sufuria kichwani."

"Nauliza siku hizi, Shosho."

"Uliuliza umbali. Hukuuliza mwaka."

Moraa akaweka kalamu chini. Hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. "Shosho, mimi nimeandika tu vile umesema. Lakini fomu ikienda hivi, watakunyima. Na hawatakuwa na makosa."

Furaha akasema jambo kwa Kiingereza ambalo hakulitafsiri. Kisha akanigeukia. "Na mama, Koko? Mama atalala lini?"

"Mama yako ana nguvu."

"Alisinzia na sabuni mkononi."

Nikawaambia chai inapoa.

Basi Moraa akaitia fomu mkobani, akasema tulifikirie, atapiga simu kesho, akainuka. Furaha naye akainuka amsindikize. Nikamwambia akae. Mgeni wangu namsindikiza mimi mwenyewe, hadi anapopandia basi. Simwachi mlangoni kama mtu aliyeleta barua. Sikufanya hivyo nilipoishi katika hema la wakimbizi kule Kigoma. Sitaanza leo, nikiwa na mlango wenye kengele.

"Mkongojo wako, Koko!"

"Mkongojo gani?"

Tukatoka. Mtaa wetu unateremka kidogo kuelekea kituo cha basi. Mbele ya mlango wa kwanza nilikuwa nikimweleza Moraa habari za waridi za jirani. Mbele ya mlango wa pili nikaacha kueleza. Mbele ya mlango wa tatu Bwana Rafiq, mzee wa Kipakistani anayeosha gari lake kila siku utadhani analiandalia harusi, akaniamkia; nikamjibu kwa nyusi, maana pumzi nilikuwa naitumia. Mbele ya mlango wa nne nyonga ya kushoto ikafunga. Haikuuma tu, jamani. Ilifunga, kama duka.

"Shosho, uko sawa?"

"Kabisa. Tusimame kidogo tuangalie mandhari."

Mandhari yenyewe ilikuwa mapipa ya taka, yamepangwa kando ya njia. (Sisi wa mtaa wa Winson Green tuko jirani na gereza, kwa hiyo tumezoea kuishi karibu na watu wasioweza kwenda popote. Sikutegemea kuongezwa kwenye idadi.) Nikaliegemea pipa lililokuwa karibu, kwa mikono miwili, kwa madaha, kama mtu anayetaka kulinunua.

Kwamba mapipa ya nchi hii yana magurudumu, nilijua. Kwamba yana haraka, nimejifunza leo.

Pipa likaondoka. Nami nikaondoka nalo, kwa kuwa kuliachia kulikuwa ni kuanguka kifudifudi. Mlango wa tano! Wa sita! Miguu yangu, ambayo haikuniuliza ruhusa, ilikuwa inakimbia.

"Pole pole, Shosho!"

"Liambie pipa!"

Tulisimama pale pipa lilipogonga ukuta mfupi ulio mkabala na kituo cha basi. Kifuniko kikafunguka. Maganda ya viazi yakanirukia kifuani na kutulia juu ya mkufu. Mimi nikakaa juu ya ule ukuta, si kwa kupenda. Basi lilikuwa limesimama pale pale linanguruma, na dirisha zima la abiria lilikuwa linanitazama. Bwana Rafiq akaja mbio, sifongo bado mkononi, povu likimtiririka.

Furaha akafika akihema. "Inuka, Koko. Twende nyumbani."

"Nimependezwa kukaa hapa."

"Koko. Inuka."

"Siwezi."

Neno hilo sikuwahi kulitamka mbele ya mgeni tangu nizaliwe. Lilitoka dogo, kama la mtu mwingine.

Mnadhani Moraa alinicheka? Aliketi ukutani kando yangu, akanitoa ganda begani, akafungua mkoba. Akaitoa ile fomu. Akapiga mstari katikati ya majibu yangu yote mazuri.

"Shosho, unaweza kutembea umbali gani?"

Nikageuka nikaitazama nyumba yangu. "Milango minne."

"Na kurudi?"

"Kurudi hakumo."

"Soksi ni nani hukuvalisha?"

"Esperance. Na viatu. Na kila kitu."

"Hukuogesha pia?"

"Ndiyo, naye amechoka, mwanangu. Amechoka vibaya."

Akaandika. Basi likawa linanguruma kwa nguvu zaidi, hatukusikizana vizuri. Akauliza tena lile swali la choo. Nikaona, basi, nimekwisha kumwagiwa maganda mbele ya halaiki. Nafsi yangu inaficha nini tena? Na tuko Birmingham, nani atajua ninachosema? Nikavuta pumzi, nikamjibu kwa sauti ya juu ili anisikie vyema:

"KITI CHA HAJA KIKO NYUMA YA PAZIA, NA WIKI ILIYOPITA NILICHELEWA MARA MBILI!"

Katikati ya sentensi hiyo dereva alizima injini.

Ndege wakasikika. Bwana Rafiq, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, akatikisa kichwa kwa huzuni kana kwamba ameelewa yote. Na mlangoni mwa basi, mguu mmoja ndani na mwingine nje, mifuko ya mboga mikononi, alikuwa amesimama Mama Zawadi wa kwaya yetu. Katika mji huu mzima alihitajika mtu mmoja tu wa kunielewa, naye akashushwa pale pale mbele yangu!

"Bwana asifiwe, Mama," akasema.

"Amina," nikajibu. (Ulitaka niseme nini, Mama Zawadi? Najua unasoma.)

Safari ya kurudi nitaifupisha. Bwana Rafiq alileta kiti chake cha mezani, kile cha kuzunguka chenye magurudumu. Nikapandishwa mlima nimekalia kiti cha kompyuta, Furaha akisukuma, Bwana Rafiq akizuia magari yasiyokuwapo, Mama Zawadi akibeba mkufu wangu, na Moraa akitembea kando yangu, amenishika mkono. Yaani mgeni ndiye aliyenisindikiza mimi.

Nyumbani nilimwonyesha kila kitu. Nyuma ya kochi, uvunguni, nyuma ya pazia. Dawa tulizichambua kutoka kwenye unga moja moja. Aliandika hadi kalamu ya kwanza ikaisha wino. Mwishoni Furaha alinisomea yote kwa Kiswahili, nami nikamsikiliza mwanamke huyo aliye ndani ya karatasi, asiyeweza hili wala lile, nikamwonea huruma kabla sijakumbuka ni nani. Kisha nikaweka dole gumba langu. Esperance alikuwa amekwisha kuamka. Alisimama mlangoni, akaenda kuniletea maji ya kunawa. Furaha ameipeleka fomu posta jioni hii. Majibu hatujui yatakuwaje, na Moraa amesema tukikataliwa yeye mwenyewe atasimama nasi kukata rufaa.

Alipoaga, nilishika mkono wa kochi niinuke.

"KAA!" wakapiga kelele watu watatu kwa pamoja, mmoja wao akiwa binti niliyemzaa mwenyewe.

Nikakaa. Basi nanyi mlio na bahasha ya kaki juu ya kabati na aibu chini ya kitanda, tafuteni mshauri wa kweli, mkaribisheni, na kabla hajauliza swali la kwanza, msindikizeni, hata milango minne tu.