Pasi Yangu Haihitaji Hesabu

Muhdhar Zein,
Dobi, Bondeni,
Mombasa.
Alhamisi, baada ya alasiri

Kwa Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

KUH: HESABU YA UMEME ILIYOINGIA NYUMBANI KWANGU BILA HODI

Assalamu alaykum. Ama baada ya salamu, natumai hujambo wewe na walimu wako wote, isipokuwa Mwalimu Kache wa Fizikia, ambaye habari zake zaja hapa chini.

Mimi ni babu yake Hanin, ndiye niliyemlea. Napiga pasi kanzu za watu mwaka wa thelathini na nne huu. Jumatatu mlimpa mtoto fomu ya kuchagua masomo, mlezi atie sahihi. Hanin ameweka alama kwenye Fizikia, tena akaikoleza wino mara mbili. Sahihi sikutia, wala sitatia. Sababu zangu ni hizi:

1. Mwalimu Kache alimwazima mtoto kijisanduku cha kuchomeka ukutani, kisomacho volti na ampea. Cha kwanza kupimwa kikawa pasi yangu, bila hata kuniomba ruhusa. Volti 240, ampea 8. Akazidisha, akaniambia pasi yala wati 1,920. Akagawanya, akasema ukinzani wake ni omu 30. Mwalimu, pasi yangu naijua kwa kidole: natia mate, nagusa, ikilia chwaa, iko tayari. Miaka yote hiyo hakuna bwana harusi aliyeniuliza kanzu yake imepigwa kwa omu ngapi.

2. Akaenda kwenye birika langu la umeme: ampea 9. Akavuka kichochoro hadi kwa jirani yetu Bi Hind, akapima oveni yake ya mikate: ampea 7. Vyote vitatu vyategemea ekstensheni yangu moja, oveni ya Bi Hind kwa waya upitao dirishani. Mtoto akajumlisha, ampea 24. Kisha akanisomea maandishi yaliyo mgongoni mwa ekstensheni, ambayo mimi sijapata kuyasoma kwa sababu yako mgongoni: mwisho ampea 13.

3. Hapa ndipo damu iliponichemka. Akafungua plagi ya ekstensheni, akaikuta fyuzi nimeivisha karatasi ya fedha ya chokoleti, chokoleti aliyokula yeye mwenyewe siku ya Idi! Nimeivisha kwa kuwa fyuzi zilikuwa zikikatika kila Alhamisi, siku ninayopiga kanzu za Ijumaa. Fyuzi ikimbiayo kazi siku ya kazi ni mvivu tu. Tangu niivishe, miaka sita, haijakatika hata mara moja. Badala ya kunipongeza, mtoto alilia. Alilia mbele ya wateja, yuwasema babu yake ataungua, naye hana babu mwingine. Iliniuma, Mwalimu, siwezi kukuficha. Sasa huyo Kache amfundisha mtoto hesabu au msiba?

4. Ati, asema mtoto, nimkatie Bi Hind waya! Bibi zetu walikuwa wakipeana kaa la moto dirishani, na hakuna aliyehesabu makaa. Leo moto wapita kwenye waya, basi. Bi Hind akiniuliza kosa lake nimjibu nini, kwamba omu zimekataa? Nyumba yetu haijapata kumnyima jirani moto.

5. Nimeichunguza hesabu yenyewe, maana mimi si mjinga. Mtoto yuwasema vyote vikiwaka pamoja ni wati 5,760, na ukinzani wote ni omu 10. Haya. Kama kweli hiyo ni hatari, tungekuwa tumeungua miaka sita iliyopita. Hatukuungua. Nakuandikia nikiwa hai, na pasi iko motoni. Kwa hiyo hesabu ni ya uongo. Mpe Mwalimu Kache ushahidi huu aujibu.

6. Tukinyamaza, kesho atapima vipaza sauti vya msikiti, kesho kutwa taa za harusi. Harusi zikikosa taa, watu hawataoa. Wasipooa hakutazaliwa watoto, na shule yako itabaki na madawati na Mwalimu Kache. Nakuonea huruma wewe kuliko ninavyojionea mimi.

Kwa hayo, naomba kwa heshima Hanin atolewe Fizikia, apewe somo lolote lisilofungua plagi za watu. Fomu iko hapa mezani, nimeigandamiza kwa ekstensheni isipeperushwe na feni, na hapo ndipo itakapokaa.

Nisalimie walimu, karani, bawabu na mama wa jikoni. Bi Hind naye awasalimu, mikate yake i ndani ya oveni.

Wako mwenye subira iliyokwisha,
Muhdhar Zein

Nyongeza: Nilipomaliza kuandika jina langu niliona nastahili chai, nikawasha birika. Pasi ilikuwa ikiwaka, na oveni pia. Chai sikuinywa. Ekstensheni ilitoa moshi, kisha moto, nami nikasimama tu na kikombe mkononi. Hanin ndiye aliyezima swichi kuu. Kumbe tangu Jumatatu mtoto akidurusu masomo yake pale chini ya swichi, na mimi nikidhani atafuta upepo. Aniambia plastiki ilikuwa ikiiva polepole miaka yote sita. Safari hii sikumbishia.

Bi Hind amehamishia mikate kwenye jiko la makaa, na kaa la kwanza nimempelekea mimi. Mwalimu Kache mpe salamu zake, nilizomnyima hapo juu.

Fomu naiambatisha, nimeitia sahihi. Upande mmoja umeungua, mniwie radhi, lakini jina la mtoto lasomeka, na Fizikia yasomeka.