Nyuki wa Mjomba Sakaya na Sanduku la Mdachi

Jumatatu, 2 Oktoba 1911

Leo nimepata akili ambayo mlima mzima wa Meru hauna. Mzee Lemburis, babake Namelok, amesema anayemtaka binti yake apeleke asali ya pombe ya wazee kabla ya Jumapili. Mimi ninayo! Mjomba Sakaya amenipa mzinga wake mmoja, gogo zito juu ya mti wa mringaringa karibu na mto. Kazi ni kupanda na kurina asali. Lakini kurina tu anaweza yeyote, hata Gidion, naye anamtaka Namelok. Mimi nataka na cheo. Bwana Masharubu, Mdachi wa Ujerumani mwenye shamba la kahawa upande wa Olasiti, ana sanduku la nyuki lililokuja kwa meli. Halina hata nzi. Atakayelijaza atakuwa nyapara wa nyuki, na kofia juu. Basi: asali kwa baba mkwe, nyuki kwa Mdachi, kofia kichwani, Namelok ubavuni.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimebeba sanduku kutoka Olasiti. Shingo imezama mabegani. Ndani mna viunzi vya pembe nne, kama vya picha. Nyuki wa Kidachi hujenga masega humo yamenyooka kama askari wa boma. Wa kwetu hujenga mviringo, kufuata tumbo la gogo. Watajifunza. Mbona mimi nilijifunza Kidachi miaka miwili: ja ni ndiyo, nein ni hapana, shnel ni upesi. Mwalimu wa misheni akanirudisha nyumbani, hakuwa na la kunifundisha zaidi. Gidion alibaki mpaka mwisho. Mzito wa kuelewa, maskini.

Mjomba akaja kulinusa sanduku. Kasema nilipake nta, nilifukize majani, halafu nihamishe nyuki jua likizama, kimya kimya. Nikamwitikia ndiyo Mjomba, ndiyo Mjomba. Alipoondoka nikalisugua kwa sabuni ya Mama mpaka likanukia Jumapili. Wazungu wanapenda usafi.

Jumatano, 4 Oktoba

Gidion kampelekea Mjomba tumbaku, kaomba tawi moja la mringaringa ule ule, katundika gogo lake tupu. Kalipaka nta mpaka viwiko vinang'aa. Nikamwambia ananuka mshumaa. Akanijibu kwa upole kwamba mimi nanuka mchungaji. Utani hauwezi.

Alhamisi, 5 Oktoba

Nimehamisha adhuhuri. Jua likizama Namelok atanionaje? Huteka maji mchana. Nikavaa kanzu nyeupe ya kanisani, nikashusha gogo kwa kamba, nikalifungua.

Masega ya mviringo hayaingii kwenye pembe nne! Nikayakata kwa panga, nikayafunga kwenye viunzi kwa kamba za mgomba. Asali sikuitoa. Nilitaka Bwana aone sanduku limejaa, nirine Jumamosi. Nyuki hawakupenda. Wengine walipanda ndani ya kanzu. Nikaingia mtoni na kanzu yangu. Namelok alikuwepo. Aliona yote, hasa mwisho.

Ijumaa, 6 Oktoba

Jicho moja halifunguki. Joto limelegeza masega, yameanguka yote, asali inatiririka chini ya sanduku. Siafu wamepata habari kabla yangu. Nyuki wameinuka kama moshi, wakazunguka mti mara moja, wakaingia kwenye gogo la Gidion. Wote! Yeye alikuwa amekaa tu chini, anakula ndizi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee Lemburis na kibuyu. Nilimwamkia shikamoo, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, kwa jinsi uso ulivyovimba. Akachungulia kibuyu. Asali kidogo, siafu wengi. Namelok akatoka na kuni, akanitazama vizuri.

“Efraimu,” akasema, “nyuki uliwapa nyumba, na sabuni juu, wakakukimbia. Mimi nitakaa kwa lipi?”

Mzee alicheka mpaka akamwaga ugoro. Kasema pombe itangoja mvua zipite, na asali ataipokea kwa yule ambaye nyuki wamekubali kukaa kwake. Hakumtaja mtu. Namelok alikuwa akitazama mringaringa.

Nikapeleka sanduku kwa Masharubu. Akafungua. Nikasema ja. Akasema maneno mengi, nikasikia shnel, nikakimbia, na sanduku kichwani.

Jumapili, 8 Oktoba

Gidion kakaa mbele kanisani. Mjomba kaniambia gogo langu tupu bado zima: nta, majani, subira, nyuki watakuja wenyewe. Nimemshukuru kwa heshima zote. Mzee wa watu, hajui.

Nimelala nikifikiri na kosa nimelipata. Sabuni ilikuwa kidogo. Mama ana kipande kingine, kakificha kwenye mtama. Keshokutwa Gidion atakuwa shambani na gogo lake litabaki peke yake pale juu, na nyuki wangu ndani.

Nitahamisha adhuhuri. Kanzu nimeshaifua.