Hita Chini ya Ngazi ya Darubini

Jumatatu, 4 Machi
Wiki ya tatu ya ndoa, na bado kila nikiamka najifinya. Huyu mwanamke ni wangu kweli? Mimi mtunza stoo wa kituo cha darubini, kidato cha nne cha kubahatisha. Yeye anapiga picha sayari za nyota za mbali. Leo kanieleza kazi yenyewe nikabaki mdomo wazi. Nyota huishinda sayari yake kwa mwanga zaidi ya mara laki. Kwa hiyo anaifunika nyota kwa kidude kidogo kuliko punje ya mtama, ndipo kitone cha sayari kijitokeze pembeni. Tena kamera yake hainasi mwanga tunaouona sisi, inanasa joto. Joto! Kutoka huko kote!

Mwaka jana alikiona kitone kimoja. Kuanzia kesho amepewa siku tatu akione tena. Asipokiona, darubini wanapewa wengine na mkataba wake unaishia hapo.

Kinachoniuma: siku zote tatu atakuwa na Fundi Kioo, anayehudumia kile kioo cha darubini kinachojikunja mara elfu kwa sekunde kufuta mtikisiko wa hewa. Ana ndevu za kuchongwa. Ananiita shemeji huku akicheka.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu katoka kukagua kamera na vidole vya barafu. Amevaa koti la Fundi Kioo. Koti lake! Kichwa kinafanya kazi. Stoo kuna hita. Mchana, wao wamelala maana kazi yao ni ya usiku, nimeificha chini ya ngazi ndani ya kuba, lile jengo la duara la darubini, nyuma ya ndoo, nikaiwasha. Atahisi joto asijue limetoka wapi. Nitamnong'oneza baadaye kwamba ni mapenzi.

Jumatano, 6 Machi
Nimepigwa na butwaa. Siku ya kwanza imekwenda na maji. Picha zilichemka kama uji, kasema mke wangu. Nyota ilicheza hata ikakataa kufunikwa. Lawama kabebeshwa Fundi Kioo, na asubuhi yote alikuwa akipekua mitambo yake. Nikampelekea chai. Akasema, "Asante shemeji, wewe ni mtu." Nikaona ndevu zake si mbaya sana.

Kisha mke wangu akanieleza kwamba kuba haipashwi joto makusudi. Hewa moto ikipanda, nyota inatetemeka, na kamera ile huona hata joto la mwili wa mtu. Nikaenda kuizima hita. Njiani nikamsikia akipiga chafya, mara mbili, maskini mpenzi wangu. Nikaipunguza tu.

Alhamisi, 7 Machi
Siku ya pili nayo imeharibika. Fundi Kioo kafuata waya hadi chini ya ngazi. Hita ina kibandiko cha stoo chenye sahihi yangu.

Mke wangu hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Mume wangu, umenichomea siku mbili?" Nikaeleza habari ya vidole. Nikaeleza habari ya koti. Fundi Kioo akageukia ukutani, mabega yakimcheza kwa kicheko. "Koti la kituo hilo, shemeji. Si ulinitolea mwenyewe?"

Nimekagua daftari la stoo. Ni kweli.

Mke wangu kaenda kulala bila kunigusa mkono. Imebaki siku moja.

Ijumaa, 8 Machi
Kimeonekana! Kitone kipo, kimesogea kidogo tu, kama sayari inavyotakiwa kuizunguka nyota yake. Mkurugenzi wa kituo kaongeza siku mbili, kuanzia leo, wathibitishe. Mke wangu kalia begani kwangu, nami nikalia, hata Fundi Kioo kajifanya ana mafua. Mke wangu ameniomba jambo moja: nisiingize tena kubani kitu chochote cha joto. Nimeapa mbele ya shahidi.

Na nimemwelewa. Adui ni joto. Basi mchana huu, wao wamelala, nimebeba feni nne kubwa kutoka stoo, nimezipanga kuizunguka darubini na kuziwasha hadi mwisho. Zina nguvu hizo, ngazi yote inatikisika, na darubini pia. Jioni akiingia atakuta ubaridi mtupu, na atajua kaolewa na nani.