Ombi la Kupunguzwa kwa Ziwa

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Vioo.

Kwa Ndugu Kiongozi wa Msafara wa Baiskeli,

YAH: KUOMBA MWANANGU ASIENDE KUZUNGUKA ZIWA, AU ZIWA LENYEWE LIPUNGUZWE

Ndugu Kiongozi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa kivulini. Sisi huku hatujambo wote, isipokuwa mimi. Mimi ndiye yule mama aliyekuja na sweta. Naamini huhitaji maelezo zaidi.

Niwie radhi kwa mwandiko. Shule niliiacha mapema nikaingia kwenye ushonaji, na mkono wangu umezoea chaki ya kukatia nguo kuliko kalamu. Kwa umri wewe ni sawa na mwanangu mkubwa, kwa hiyo nakuandikia kwa heshima ya cheo chako na kwa ukali wa mama, vyote kwa pamoja. Uchague mwenyewe uanze na kipi.

Binti yangu wa mwisho, huyu tunayemwita Kitinda, alifuatana nanyi mwezi uliopita kupiga kambi kando ya ziwa na kuendesha baiskeli mpaka ule mji mdogo wa kale. Hakuwahi kulala nje ya nyumba hii tangu azaliwe. Nilikukabidhi mtoto, ukanirudishia mtoto, sikatai. Viungo vyote vilikuwepo, nilikagua. Lakini siye yule niliyekupa. Na sasa nasikia unamtaka tena, safari hii mlizunguke ziwa zima, na eti umempa cheo cha fundi wa msafara, wa kuziba pancha na kurekebisha cheni. Baba yake, ambaye ni kinyozi na hana haraka na jambo lolote duniani, anasema, "Mwache mtoto, ana kadi ya kupigia kura huyo." Nikamwambia kura hupigwa nchi kavu. Akaendelea kunoa wembe.

Basi nimeona niyaweke malalamiko yangu kwa namba, usije ukasema mama wa watu alikuwa anapayuka.

1. Hema. Niliambiwa mahema yenu ni ya dukani. Kitu cha dukani hakimjui mtu. Nikamshonea mwanangu hema mwenyewe, la turubai safi, nikampima kama ninavyompima mteja yeyote: bega, kifua, kiuno, nyonga, na urefu hadi kwenye kifundo cha mguu. Nikaongeza kidogo kwa ajili ya kupumua. Nikatia zipu mgongoni. Lilimkaa vizuri mno. Nasikia wenzake walilicheka, wakasema hawajapata kuona hema lenye kiuno, na mmoja akauliza kama lina mkanda wake. Hilo nimesamehe, watu wasiojua mshono ndivyo walivyo. Nisilosamehe ni hili: Kitinda alipoona hawezi kugeuka humo ndani wala kujikuna, alitoka akatandika kando ya maji, na wewe kiongozi mzima ukamtazama tu. Kazi ya kiongozi ni kumrudisha mtu kwenye hema lake na kumfungia zipu. Ungemrudisha, hizo nyota asingeziona. Sasa amerudi anasema dari letu liko chini.

2. Dari letu haliko chini. Baba yake ni mrefu na haligusi.

3. Ule mji. Siku yenu ya pili niliona sweta la Kitinda limebaki kwenye kiti. (Yeye anasema aliliacha makusudi. Hayo si ya barua hii.) Nikaomba lifti kwenye gari la mikate, nikawafuata. Ndugu Kiongozi, mimi nilidhani mji wa kale ni mji wenye mambo. Nikakuta vijana wazima, wenye nyumba kwao, wamesimama mdomo wazi wanatazama nyumba isiyo na paa! Vichochoro vyembamba, ngazi za mawe zimelika katikati kama sabuni, na ukuta umeinama kama unataka kumwambia mtu siri. Nikamuuliza yule mtunza jengo, mzee mwenye funguo nyingi, kama kuna usalama. Akanijibu kwa maringo, "Mama, ukuta huu umesimama tangu enzi za babu wa babu yangu." Nikamwambia ndiyo maana, umechoka. Huwezi kusimama muda wote huo usitake kukaa. Alikuwa hajawahi kulifikiria hilo, na nilimwona anasogea pembeni taratibu. Sasa kama mtunza jengo mwenyewe anasogea, mwanangu anafanya nini chini yake, na daftari mkononi, anachora dirisha?

4. Kiti. Hapa nakulaumu wewe binafsi. Nilikuja nimejiandaa. Tangu naingia kwenye gari la mikate nilikuwa napanga maneno, na yalikuwa mazuri, hata dereva aliyasifu. Nikafika, Kitinda akaruka, "Mama! Umefuata nini huku?" Nikasema sweta. "Sweta? Na jua lote hili?" Nikafungua mdomo nianze, na wewe ukatokea upande wa pili, "Shikamoo mama, karibu, pole na safari," ukanivutia kiti, ukaniletea chai kwenye kikombe cha bati. Mtu akishapewa kiti hagombi vizuri. Maneno yangu yote nikayanywa na ile chai. Huo si ungwana, ni hila, na tena uliweka sukari kama ninavyopenda.

5. Mteremko. Wakati wa kurudi kambini, ule mteremko wa kushuka ziwani, nilitangulia na gari la mikate nikashuka kwenye kona nione mnavyopita. Nikaona vumbi, kisha nikamwona mwanangu mbele ya wote, viwiko amevibana, shati limejaa upepo mgongoni kama mtungi, na anacheka. Anacheka! Mama gani angenyamaza? Nikapiga kelele, "Breki! Simameni! Breki!" Na nyote mkashika breki kwa pamoja mkaangukiana pale kama viti vya harusini. Kitinda peke yake hakuanguka, maana sauti yangu ameizoea, hasimami nayo. Nimesikia kuna magoti yaliyochubuka na kioo cha pembeni cha mtu fulani. Nawapa pole. Lakini chanzo ni mteremko. Barabara ingekuwa tambarare, mimi nisingekuwa na la kupigia kelele.

6. Cherehani. Hili naliandika polepole.

Aliporudi, Kitinda aliingiza baiskeli sebuleni, akaigeuza miguu juu, akaifungua cheni, akaisafisha, akaipaka mafuta. Nikasema sawa, itapita. Alipomaliza akanyanyuka na kile kichupa cha mafuta, akaenda kwenye cherehani yake, ile ya karibu na dirisha, akaifungua nayo. Cherehani ile ilikuwa inalia tangu nilipoinunua. Kri-kri, kri-kri. Sijui wewe unaishi vipi na mama yako, lakini mimi nikiwa jikoni niliisikia ile kri-kri nikajua mwanangu yupo. Ikinyamaza najua anakata uzi. Ikinyamaza zaidi najua amekosea, anafumua. Sikuhitaji kumwita. Sasa ameipaka mafuta ya msafara wako na imekuwa kimya kama haipo. Inanibidi niache sufuria motoni niende kuchungulia. Namkuta ameinama anashona, ananiambia, "Nipo mama." Nami nasema nilikuja kutafuta mkasi. Nyumba nzima sasa inajua kwamba mkasi wangu hupotea kila mara.

Na huyo yupo. Je, akiwa upande wa pili wa ziwa nitachungulia wapi?

7. Tena anaimba.

Kwa sababu hizo zote, naomba uamue moja kati ya haya, nami nimeyapanga kuanzia lile la upole.

La kwanza ni jepesi: umkatalie Kitinda. Mwambie nafasi zimejaa. Lakini nikikumbuka ulivyo na adabu, najua utashindwa kudanganya, sura yako itakuumbua. Basi tuliache.

La pili, ziwa lizungushiwe uzio, wenye mlango mmoja na askari. Baba yake anasema wavuvi watapita wapi. Sikuwa nimewafikiria wavuvi.

La tatu, kila mwendesha baiskeli afuatwe na mama yake. Tupande kina mama wote lori moja, na kipaza sauti, nyuma yenu, polepole. Mimi nitashika kipaza sauti. Nikifikiri vizuri naona kwa yaliyotokea kwenye mteremko mtasema hapana.

La nne ndilo nililoliandika pale juu: ziwa lipunguzwe. Sijui ofisi inayohusika, ila wewe mtu wa kutembea lazima unaijua. Sisemi likaushwe, watu wanalihitaji. Nasema lipunguzwe upana, kama tunavyopunguza gauni la mtu aliyekonda: unachukua kidogo ndani upande huu, kidogo upande ule, unapitisha uzi, na hakuna atakayejua isipokuwa fundi. Likipungua kiasi cha kutosha, kulizunguka itakuwa shughuli ya asubuhi, na mchana Kitinda yuko mezani kwake anakula.

Na kama hiyo ofisi itakuwa na urasimu, basi la mwisho: msafara uje hapa kwetu. Uwanja wetu wa nyuma ni mpana ukiondoa kamba za kuanikia. Mtaizunguka nyumba mpaka mtosheke. Nitaweka beseni kubwa la maji katikati, hilo ndilo ziwa, na mtu akidondoka humo atalowa miguu tu. Mahema nitawashonea wote, mje mapema nichukue vipimo. Na kwa wale wanaopenda vitu vya kale, ukuta wetu wa choo una ufa tangu tulipohamia na haujawahi kuzibwa. Nitawaeleza historia yake yote, na hamtahitaji mtunza funguo.

Nadhani hapo hakuna mtu mwenye akili timamu atakayepinga.

Nisalimie mpishi wa kambi, chai yake nzuri. Nisalimie wote walioanguka, kila mmoja kwa jina lake, na hasa yule mwenye kofia ya kijani aliyeanguka mwanzo akawa chini ya wengine. Msalimie dereva wa mikate mkikutana njiani. Na mama yako mzazi, popote alipo na kijana kama wewe asiyetulia, mwambie namwonea huruma sana.

Ni mimi wako katika wasiwasi,

Mama Kitinda,
Fundi wa nguo za kike, za kiume na za shule.

Nakala: Baba Kitinda, aisome akishamaliza kunoa.

Tanbihi: Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha, Kitinda akaingia. Sijui nani alimwambia ninachoandika. Nadhani ni uso wangu. Akasema, "Mama, siendi. Nitamwambia kiongozi atafute fundi mwingine. Wewe tulia tu." Hakununa, hakuvuta mdomo. Alichukua begi lake la safari pale ukumbini, akalisukuma uvunguni kwa mguu, akarudi kazini.

Nikafurahi, kwa nini nikufiche. Nikabandika chai ya kujipongeza. Kabla sijamimina nikamsikia ananiita, "Mama, hili gauni la mwalimu, niweke vifungo vyeupe au vya bluu?"

Ndugu Kiongozi, huyu mtoto ndiye anayenichagulia mimi vifungo. Ni miaka sasa. Wateja wakiingia humuulizia yeye, mimi huniamkia tu. Leo ameniuliza kama unavyomuuliza mgonjwa atakula nini. Nikajibu vya bluu. Akasema, "Sawa mama." Vya bluu havifai hata kidogo kwenye gauni lile, na yeye anajua havifai, na hivi ninavyoandika anavishona.

Chai imenishinda.

Nimemwendea nikamwambia nenda, zunguka ziwa lako. Ameniangalia akasema, "Unasema tu, mama. Nikitoka mlangoni presha itapanda." Nimeapa. Hajaamini. Nimemtuma baba yake, naye akamwambia, "Mama yako anasema uende," kwa ile sauti yake, ambayo hata mimi nisingeiamini.

Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute, ziwa waliache lilivyo, na fundi mwingine usimtafute. Ninachokuomba ni uje Jumamosi mchana, tukiwa wote hapa kwenye cherehani, unibembeleze mbele yake ili asikie kwa masikio yake. Mimi nitakataa. Usiondoke. Utabembeleza tena, nami nitakataa tena, na huenda nikasema jambo kuhusu wembamba wa miguu yako. Usilijali. Endelea. Mara ya tatu nitakubali, na safari hii ataniamini. Ila mwanangu, nakuomba sana, ufike hiyo mara ya tatu. Usije ukaniheshimu ukaondoka mara ya pili.