Nimewaombea Rehema Watu Walio Hai

Leo nimeumbuka. Naandika nikiwa njiani kurudi Gitega, na mshenga wangu hataki hata kunitazama.

Asubuhi tulikwenda Muyinga kupokea jibu la posa yangu kwa Mariamu. Majina ya ukoo wote, wao na sisi, mi nayaweka kwenye app ya kumbukumbu, jedwali moja tu, ila lafunguka kwa kurasa mbili, app inaziita mionekano. Mwonekano wa kwanza: watu wa kualika arusini (ndiyo, kabla ya jibu. Niacheni!). Wa pili: marehemu wa kuombewa dua. Watu wa kwao aliwaandika Mariamu mwenyewe, kwa majina ya kwenye kitambulisho.

Tukakaa sebuleni. Wingu likashuka, nyumba ikawa giza mchana kweupe. Baba Mariamu akasema, "Kabla ya maneno, tuwaombee waliotangulia. Kijana, tusomee majina."

Telefone yangu, batri kwisha! Nikaazima ya kaka yake Mariamu, nikaingia kwenye app humo. Kwangu hufunguka pale nilipoishia, kwa marehemu. Kumbe kwenye telefone ngeni inaanza na mwonekano wa kwanza. Mi ningejuaje?

"Hadija Ndayizeye, Mungu amrehemu."

"Amina," wakaitika. Bibi mmoja pembeni akaacha tasbihi, akajishika kifuani.

"Sadiki Bukuru, Mungu amrehemu."

Amina ikapungua. Kila jina, sauti moja inazimika. Wananikodolea macho tu, hawapepesi. Nywele zikanisimama. Nikasema moyoni, wallahi marehemu wameingia humu ndani! Nikaogopa kuacha, nikaongeza kasi.

"Yusufu Nahimana, Mungu amrehemu."

Baba Mariamu kaacha mdomo wazi. (Miaka miwili namwita Baba Mariamu. Nani alijua anaitwa Yusufu?)

La mwisho likanitoka kabla sijalitazama vizuri: "Isa Manirakiza, Mungu amrehemu."

Isa ni mimi.

Safari hii akaitika Baba Mariamu peke yake, kwa nguvu: "Amina!"

Mshenga akaninyang'anya telefone. "We Isa! Hii si orodha ya arusi?"

"Arusi gani?" akauliza Baba Mariamu.

Nikapiga magoti. "Nisamehe, baba. Na... jibu la posa?"

Akasimama polepole. "Rudini Gitega kwanza. Sisi marehemu hatuna haraka."

Jamani, nampenda yule binti, roho iko juu. Anayetaka kucheka, angojee kwanza nioe.